Mkono Wako na Mishipa Yake ya Fahamu

Msomaji, weka mkono wako wa kuume juu ya goti, kiganja kikielekea juu. Fumba macho, na mtu mwingine akuguse kwa ncha ya unyasi, kidole baada ya kidole: gumba, kidole cha kuonyeshea, cha kati, cha pete, na kidole kidogo. Utausikia mguso katika vyote vitano, wala hutaona tofauti. Lakini habari za vidole hivyo hazipandi kwa njia moja mpaka kwenye ubongo. Njia ni zaidi ya moja, na mpaka kati ya njia na njia hauko mahali pale pale kwa watu wote. Labda utasema kwamba jambo hili ni la madaktari tu. Sivyo. Mkulima aliyekatwa na panga hutazama vidole vyake, na akiona vingali vinacheza husema, "Hakuna neno, ni ngozi tu." Jeraha hufungwa, jeraha hupona, na baada ya miezi mitatu hawezi kushika sindano wala kufunga kifungo cha shati lake.

Tupatane kwanza juu ya maneno. Katika Kiswahili chetu tunatumia neno moja, mshipa, kwa vitu vitatu visivyofanana. Iko mishipa ya damu, ambayo ni kama mabomba. Ziko kano, yaani kamba nyeupe ngumu zinazovuta vidole kama kamba imvutavyo mbuzi. Na iko mishipa ya fahamu, ambayo haivuti kitu wala haipitishi damu. Kazi yake ni kupeleka habari. Hupeleka amri kutoka ubongo mpaka kwenye misuli ya mkono, na kurudisha habari za moto, baridi, maumivu na mguso kutoka ngozini. Mtu akituambia hospitalini, "Mshipa wangu umekatika," bado hatujui amekatika nini. Tena vitu hivi vitatu hulala karibu karibu kwenye kifundo cha mkono, hata panga laweza kuvikata vyote kwa pigo moja.

Ukitaka kuona kwa macho yako kwamba mikono ya watu haifanani ndani, fanya hivi. Kutanisha ncha ya gumba na ncha ya kidole kidogo, kisha kunja kidogo kifundo cha mkono kuelekea kwako. Kwa watu wengi kano moja husimama chini ya ngozi, katikati ya kifundo. Sasa tazama mkono wako wa pili, kisha mikono ya watoto wako na ya jirani zako. Wako watu wachache wasio na kano hiyo, katika mkono mmoja au katika yote miwili, nao hulima na kutwanga sawasawa na wengine, wala hawakujua habari zake mpaka siku hiyo. Madaktari waliopima watu 800 wa Afrika ya Mashariki, wakatoa habari zao katika mwaka wa 2011, waliona imekosekana kwa watu wapatao 4 katika 100. Katika nchi nyingine hukosekana zaidi. Tena tunaitaja kwa sababu hii: mshipa wa fahamu ulio mkuu kwa kiganja hupita chini yake tu. Panga likiikata kano hiyo, yafaa kudhani kwamba mshipa wa fahamu nao umeguswa, mpaka ihakikishwe kuwa sivyo. Na mtu asiye nayo, mshipa wake umekosa hata kifuniko hicho kidogo.

Mishipa ya fahamu ya mkono hutoka katika uti wa mgongo pale shingoni, hupita chini ya mtulinga na kwapani, ikashuka. Inayofika kwenye vidole ni mitatu. Tuuite wa kwanza mshipa wa kati. Huu hushuka katikati ya mkono na kuingia kiganjani kwa njia nyembamba, chini ya ukanda mgumu, pamoja na kano 9 za vidole. Ndio unaosikia kwa ajili ya gumba, kidole cha kuonyeshea, cha kati, na nusu ya kidole cha pete. Ndio pia unaoamuru misuli ile minene chini ya gumba. Njia yake ikizidi kubana, kama inavyowapata akina mama wengine wakati wa mimba, mtu huamka usiku vidole vina ganzi, akakung'uta mkono apate nafuu.

Wa pili tuuite mshipa wa kidole kidogo. Umewahi kuujua bila kuambiwa, maana hupita nyuma ya mfupa wa kiwiko, na siku uliyojigonga hapo ulisikia kama umeme ukikimbia mpaka kidole kidogo. Husikia kwa ajili ya kidole hicho na nusu iliyobaki ya kidole cha pete. Kazi yake kubwa ni amri: karibu misuli yote midogo ya kiganja, ile inayopanua vidole na kuvibana pamoja, huitii. Wanaume wanaosukuma chukudu kutoka milimani, wakiegemea usukani kwa kiganja siku nzima, huweza kuubana mshipa huu, kama unavyobanwa kwa watu wapandao baiskeli safari ndefu. Wa tatu ni mshipa wa nyuma, unaozunguka mfupa wa mkono wa juu na kuinua kifundo na vidole. Mtu aliyelala usingizi mzito mkono umening'inia juu ya mgongo wa kiti (mara nyingi ni mtu aliyekunywa pombe) huamka mkono umelegea kama jani la mgomba lililokatwa. Huyo kwa kawaida hupona baada ya majuma kadhaa.

Hayo ndiyo yanayoonyeshwa na picha ya mwili iliyobandikwa ukutani. Picha hiyo ni ya kweli kwa watu wengi, lakini si kwa kila mtu.

Chukua kidole cha pete. Picha hukigawa katikati kama shamba lililogawanywa kwa ndugu wawili. Kwa watu wengine kidole chote ni cha mshipa wa kidole kidogo. Kwa wengine karibu chote ni cha mshipa wa kati. Tena ndani ya kiganja mara nyingi kuna uzi unaotoka mshipa mmoja na kuingia katika mwingine, na katika mikono mingi iliyochunguzwa uzi huo umeonekana katika zaidi ya nusu. Unaitwa kwa jina la Pietro Berrettini, mchoraji wa Italia aliyekufa katika mwaka wa 1669. Picha zake za mwili wa binadamu zilipigwa chapa Roma katika mwaka wa 1741, na uzi huo umo. Jambo hili latupendeza: mchoraji, ambaye hakuwa daktari, alichora alichokiona na si alichokitazamia. Mtu mwenye uzi huo akikatwa kiganjani, aweza kupata ganzi mahali ambapo picha ya ukutani haimtazamii kuipata.

Iko njia ya kuvuka iliyo juu zaidi, katikati ya kiwiko na kifundo. Msweden mmoja aliyeitwa Martin aliiandika katika mwaka wa 1763, na Gruber akaieleza vizuri katika mwaka wa 1870, kwa hiyo huitwa kwa majina yao wawili. Hapo nyuzi za amri huuacha mshipa wa kati na kuvuka kwenda kwenye mshipa wa kidole kidogo, kama mto unaotoa mkono wake ukajiunga na mto wa pili bondeni. Watu wenye kivuko hiki ni kama 15 hadi 20 katika 100, na yaonekana huandamana na ukoo. Na kivuko kingine kiko ndani kabisa ya kiganja, chini ya gumba. Hicho kilielezwa na Wafaransa wawili, Riche na Cannieu, mwishoni mwa karne ya 19. Mwenye kivuko hicho, misuli ya gumba lake hupokea amri kutoka mishipa yote miwili, na mara chache karibu zote kutoka mshipa wa kidole kidogo. Usidhani kwamba hayo ni magonjwa. Mtu huzaliwa nayo, huishi, na huzeeka bila kuyajua. Hata mikono yake miwili yaweza kutofautiana.

Hatari huja siku ya jeraha. Tuseme mtu wa milima ya Masisi anafyeka kando ya shamba lake la maharage, panga likateleza na kumkata mbele ya kifundo cha mkono wa kushoto. Mshipa wa kati umekatika kabisa. Lakini anakunja vidole, na vinakunjika! Si ajabu, kwa maana misuli inayokunja vidole iko juu, karibu na kiwiko, nayo ilikwisha kupata amri kabla mshipa haujafika mahali palipokatwa. Kisha anaambiwa alete gumba kuelekea kidole kidogo. Akiwa ni mtu mwenye kivuko cha kiganjani, gumba nalo laja, kwa amri ya mshipa wa pili. Anayemtazama anaona mkono mzima, anashona ngozi, anamrudisha nyumbani. Tuseme tena mwingine, wa msitu wa Walikale, ameanguka kutoka juu ya mchikichi alipokuwa akikata ngazi, akapasuka kwenye kiwiko. Mshipa wa kidole kidogo umekatika, lakini anapanua vidole vyake kama zamani, maana kwa njia ya kivuko cha Martin na Gruber nyuzi za amri ziliingia chini ya mahali palipokatwa.

Basi watu hawa wawili wanajulikanaje? Kwa ganzi. Yako mahali matatu katika mkono ambayo hubadilika kidogo sana kati ya mtu na mtu, na hayo ndiyo ya kupima. Ncha ya kidole cha kuonyeshea ni ya mshipa wa kati. Ncha ya kidole kidogo ni ya mshipa wake wenyewe. Na ngozi ya mgongo wa mkono, kati ya gumba na kidole cha kuonyeshea, ni ya mshipa wa nyuma. Mgonjwa afumbe macho. Usimwulize, "Unasikia?" kwa maana akiogopa, au akitaka kukupendeza, atajibu ndiyo. Mguse kwa pamba au kwa unyasi, mara kwenye kidole hiki mara kwenye kile, naye ataje kidole ulichogusa. Kisha gusa mahali pale pale kwenye mkono wake usioumizwa na uulize kama ni sawasawa. Akisema, "Upande huu ni kama umevikwa nguo," umekwisha kujua la kumfanyia. Fanya hivyo kabla ya kuchoma sindano ya ganzi, kwa maana baada ya sindano hiyo vidole vyote vyaweza kudanganya.

Mtoto mdogo hawezi kujibu maswali hayo. Lakini kidole chenyewe husema. Ngozi iliyopoteza mshipa wake wa fahamu haitoi jasho. Ipapase, utaiona kavu na laini kuliko vidole vya jirani. Tena umeona vidole vya mama anayefua nguo mtoni jinsi vinavyokunjamana. Mikunjo hiyo huletwa na mishipa ya fahamu, si na maji peke yake. Kwa hiyo mtoto ambaye jeraha lake limekwisha kufunga, ukimwacha acheze katika beseni la maji ya vuguvugu kwa nusu saa, kidole kisichokunjamana kati ya wenzake kilichokunjamana hakina mshipa mzima. Usifanye hivyo jeraha likiwa bado wazi.

Nyumbani, siku yenyewe, mambo ya kufanya si mengi. Bonyeza jeraha kwa kitambaa safi, kwa nguvu, na uinue mkono juu ya moyo. Usitie udongo, wala majivu, wala mavi ya ng'ombe, wala mawese, kwa maana pepopunda hupata mlango hapo. Usikaze kamba juu ya mkono na kuiacha. Kamba hiyo huua mishipa ya fahamu iliyokuwa mizima. Na mtu yeyote asiingize chombo ndani ya jeraha kutafuta mshipa wa damu wa kuubana. Mshipa wa damu na wa fahamu hulala pamoja kama mume na mke, na anayebana gizani hubana wote wawili. Funga mkono juu ya kibao usichezecheze, ukaende kituo cha afya siku hiyo hiyo, upate na chanjo ya pepopunda.

Twajua njia zetu. Wilaya ya Walikale peke yake ina kadiri ya kilomita za mraba 23,000, nyingi zikiwa msitu, na wako wagonjwa wanaochukuliwa kwa kipoyi siku nzima au zaidi. Mvua hukata njia za Masisi, na vita vimezifunga mara nyingi. Kwa hiyo angalia vizuri maneno haya: ngozi iliyokatika haiwezi kungoja, lazima ioshwe na kutunzwa upesi, lakini mshipa wa fahamu uliokatwa waweza kushonwa siku chache baadaye, hata majuma kadhaa, ingawa mapema ni bora. Mwuguzi aliyeosha jeraha, akapima mahali patatu, na kuandika katika karatasi ya mgonjwa, "Kidole cha kuonyeshea hakisikii," amefanya kazi kubwa kuliko aliyeshona upesi na kuficha mambo. Lakini usikae mwaka mzima ukitumaini tu. Misuli iliyokosa amri hukonda, na baada ya mwaka mmoja au mmoja na nusu haiwezi kuamshwa tena hata mshipa ukishonwa.

Daktari mpasuaji naye hafuati picha ya ukutani kwa upofu. Tawi dogo liendalo kwenye gumba laweza kutoka mahali mbalimbali. Kwa watu wengine hupasua ule ukanda mgumu na kupita katikati yake. Ndiyo sababu hufungua polepole, akitazama kila uzi kabla ya kukata. Ukiambiwa kwamba upasuaji wa mkono utachukua muda mrefu, usinung'unike.

Mkono usiosikia wahitaji mlinzi, na mlinzi huyo ni macho. Somo hili tumelipata kwa wagonjwa wa ukoma. Katika mkoa wetu wa Kivu ya Kaskazini, huko Oicha upande wa Beni, Dk. Carl Becker aliwatunza wengi sana. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 waliokaa katika kijiji chao hapo walikuwa kama 4,000. Watu walidhani ukoma wenyewe hula vidole. Dk. Paul Brand, aliyeanza kupasua mikono ya wagonjwa hao huko Vellore, India, karibu na mwisho wa miaka ya 1940, alionyesha kwamba vidole hupotea kwa sababu ya kuungua na kukatwa pasipo kusikia. Ukoma hupenda mshipa wa kidole kidogo, pale kiwikoni, ukauvimbisha hata uweze kuushika kwa vidole, na vidole viwili vya mwisho hujikunja kama kucha za ndege. Katika Congo ugonjwa huu haujakwisha. Ukiona baka lisilosikia, au kidole kidogo kimeanza kujikunja bila jeraha lolote, nenda upimwe. Dawa zake hutolewa bure, kwa miezi 6 au 12, nazo huponya. Lakini mshipa uliokwisha kufa hazirudishi, na ndiyo sababu twasema uende mapema.

Basi wewe mama ambaye mshipa wako umeshonwa, shika sufuria kwa kitambaa kinene, hata kama unaona haina moto. Usikoroge sombe kwa mwiko mfupi. Na wewe baba, funga mpini wa jembe kwa nguo, na kila jioni tazama kiganja chako kwenye mwanga, upate kuona lengelenge kabla halijawa kidonda.

Mshipa ulioshonwa huota tena kutoka mahali pa mshono kuelekea kwenye vidole, kadiri ya milimita moja kwa siku, kama sentimita 3 kwa mwezi. Pima kwa rula kutoka kovu lako mpaka ncha ya kidole, nawe utaona kwa nini twasema nusu mwaka au zaidi. Waweza kuufuata ukienda. Gonga polepole kwa ncha ya kidole juu ya njia yake, ukianzia kidoleni na kurudi kwenye kovu; mahali unaposikia mtekenyo unaokimbilia kidoleni, hapo ndipo ulipofika. Weka alama ya wino, na mwezi ujao upime tena. Hisi ya kwanza kurudi mara nyingi si nzuri: kuwasha, kuungua, baridi kali asubuhi. Usivunjike moyo kwa hiyo.

Kisha kidole chahitaji kufundishwa, kwa maana nyuzi zilizoota hazirudi zote kwenye nyumba zake za zamani, na ubongo hupokea habari zilizochanganyika. Tia ndani ya bakuli maharage, punje za mahindi na karanga. Fumba macho, chukua moja kwa kidole kilichopona, useme ni kitu gani, kisha fumbua uangalie. Fanya hivyo robo saa, mara mbili au tatu kila siku. Watoto wa nyumbani watapenda kukusimamia, na watakucheka utakapoita karanga harage. Waache wacheke, na waongeze vitu vidogo zaidi, mtama na punje za mchele, kadiri kidole kinavyoendelea kujua.